King'ora cha moshi kikilia ukikibonyeza, bado hujamaliza kukikagua

Wenye ving'ora vya moshi nyumbani wengi hukagua kwa namna moja tu. Anapanda kiti, anabonyeza kitufe, king'ora kinapiga kelele, anashuka ameridhika. Mlio huo umemthibitishia kwamba betri ina nguvu, saketi ni nzima na spika inafanya kazi. Lakini katika vifaa vingi vya nyumbani, kitufe hakipimi kama moshi wenyewe unaweza kuingia ndani. King'ora kilichozibwa na vumbi, utando wa buibui au rangi ya dari kinaweza kulia vizuri kabisa ukikibonyeza, halafu kikachelewa au kikanyamaza siku moshi unapotanda.

Sababu iko kwenye umbo lake. Ndani mna chemba ndogo ambayo hewa huingia kupitia matundu ya pembeni. Katika ving'ora vya mwanga, mwale hupita humo bila kugusa kihisio. Moshi ukiingia, chembe zake hutawanya mwanga, sehemu yake ikaangukia kihisio na king'ora kikalia. Vya ioni vina kiasi kidogo mno cha amerisiamu-241, elementi yenye mnururisho, ambayo huifanya hewa ya chembani ipitishe mkondo hafifu wa umeme. Moshi ukipita, mkondo unapungua. Vya mwanga kwa kawaida huwahi kuugundua moto unaofuka polepole ndani ya godoro au kochi, na vya ioni huwahi moto uliolipuka kwa ndimi. Aina zote mbili hazina faida yoyote hewa isipoingia.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza chochote, kitazame. Je, matundu yako wazi? Yapitishie kifyonza vumbi chenye brashi laini, au yapanguse kwa kitambaa kikavu. Usinyunyize maji wala dawa ya kusafishia. Kilichopakwa rangi usihangaike kukikwangua, kibadilishe. Kisha kitoe kwenye kitako chake usome tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa nyuma. Umri wa king'ora cha moshi ni miaka 10, na huhesabiwa tangu kilipotengenezwa, si tangu uliponunua. Kilichopita hapo kitolewe hata kama bado kinalia kwa nguvu, maana kihisio huchoka kimyakimya. Ukikosa tarehe kabisa, kichukulie kuwa ni cha zamani.

Baada ya hapo ndipo ubonyeze, na ufanye hivyo kila mwezi. Shikilia kitufe kwa sekunde kadhaa, kwani vingine haviitikii mguso wa haraka. Kama ving'ora vya nyumba vimeunganishwa, bonyeza kimoja uhakikishe vyote vinalia, kisha urudie kwa kila kimoja.

Kuna jaribio ambalo karibu kila nyumba hulisahau, nalo kwa maoni yetu ndilo lenye uzito kuliko yote: je, aliyelala anakisikia? Harufu ya moshi si ya kutegemea kumwamsha mtu usingizini, sauti ndiyo inayotakiwa kufanya kazi hiyo. King'ora cha kawaida hutoa takriban desibeli 85 ukiwa umbali wa mita 3, lakini ukuta na mlango uliofungwa hupunguza sana kiwango hicho. Mmoja abonyeze, mwingine awe chumbani mlango umefungwa. Ikiwa yeye aliye macho anausikia mlio kwa mbali tu, aliyelala hatausikia. Ongeza king'ora ndani ya chumba hicho.

Watoto huweza kuendelea kulala mlio ukiwa juu ya vichwa vyao, na wazee wengi hawasikii vizuri sauti nyembamba ya takriban hezi 3,000 inayotolewa na ving'ora vingi. Vipo vyenye sauti nzito ya hezi 520, ambayo huamsha watu vizuri zaidi, na kwa asiyesikia kabisa vipo vya taa kali na kitetemeshi cha chini ya mto. Hata hivyo, amueni mapema nani atamwamsha mtoto na nani atamshika mkono bibi.

Usijaribu kwa kiberiti, mshumaa au karatasi inayowaka. Masizi huchafua chemba, joto huyeyusha plastiki, nawe umesimama juu ya kiti na moto mkononi. Ukitaka kujaribu kwa moshi, tumia kopo la moshi bandia lililotengenezwa kwa kazi hiyo, ukifuata maelekezo ya mtengenezaji wa king'ora.

Kinachosumbua kila mnapopika kisogeze angalau mita 3 kutoka jikoni, au weka cha mwanga badala ya cha ioni. Kuchomoa betri ndilo kosa baya kuliko kutokuwa na king'ora kabisa, kwa kuwa familia inalala ikiamini inalindwa.

Mlio mfupi unaojirudia kila baada ya sekunde 30 hadi 60 kwa kawaida ni betri inayoisha. Mara nyingi huanza usiku, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu ya betri iliyochoka, asubuhi ukanyamaza na watu wakasahau. Badilisha betri siku hiyo. Chenye betri ya kudumu iliyofungiwa ndani hubadilishwa king'ora kizima. Vya umeme wa nyumba navyo mara nyingi huwa na betri ya akiba: zima swichi kuu, kisha ubonyeze. Kisipolia, umeme ukikatika hamna king'ora.