Pipa tupu si pipa salama: imani zinazowaumiza mafundi wa kuchomelea

"Hili pipa halina kitu, fundi. Lina miezi limekauka, wewe lichome tu." Kauli hii huletwa na wateja, hurudiwa na wasaidizi, na la kusikitisha zaidi ni kwamba hutoka pia kwa mafundi waliokaa kazini miaka mingi. Pipa linapigwa konzi, linalia, kizibo kinafunguliwa, mtu anachungulia kwa jicho moja, haoni mafuta, basi hukumu imeshapita. Kinachofuata ni grainda. Imani hii ndiyo ningependa itoke karakana zote kabla ya nyingine yoyote, kwa hiyo nitakaa nayo. Zilizobaki nitazipitia haraka.

"Likishakuwa tupu halina hatari"

Kinacholipuka si petroli ya majimaji. Ni mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kiwango fulani, na kwa petroli kiwango hicho huanzia karibu asilimia 1.4 ya mvuke hadi karibu asilimia 7.6. Ukipungua hapo, mvuke hautoshi kuwaka. Ukizidi hapo, hewa haitoshi. Sasa fikiria pipa lililomiminwa likabaki na unyevunyevu tu kwenye kitako. Lina hewa tele na lina mvuke wa kutosha, yaani lina kila kitu mlipuko unachohitaji isipokuwa cheche. Kwa pipa la lita 200, asilimia 1.4 ni lita 2.8 za mvuke, na mvuke huo unatokana na petroli isiyozidi sana kijiko kimoja cha chakula.

Kijiko kimoja hukioni kwa kuchungulia kwenye tundu la kizibo. Kimejificha kwenye mkunjo ambapo bati la kitako limebanwa na bati la ubavu, au chini ya magamba ya kutu. Na kuacha kizibo wazi wiki nzima hakusaidii kama watu wanavyodhani, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Unatulia chini na kukusubiri.

Kisha huja hoja ya pili: "Hili lilikuwa la dizeli, na dizeli haishiki moto." Ni kweli dizeli iliyotulia haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Lakini wewe fundi unapeleka nini kwenye lile bati? Chuma kinayeyuka karibu na nyuzi 1,500, na bati linalozunguka weldi linafika mamia ya nyuzi. Mabaki ya dizeli, oili ya injini, lami, gundi au rangi yaliyoganda upande wa ndani yanachemka na kuvunjikavunjika kuwa gesi zinazowaka. Ndiyo maana unaweza kuanza kazi kipima gesi kikisoma sifuri, na dakika chache baadaye pipa likawa limejitengenezea mlipuko wake lenyewe kwa joto lako. Yeyote anayekuambia "tumelipima asubuhi" hajakuambia chochote kuhusu sasa hivi.

Kusuuza kwa maji baridi mara mbili tatu ni kujidanganya, mafuta na maji havichanganyiki. Na wale wanaoingiza bomba la ekzosi ya gari ndani ya tangi "lifukuze hewa", waache leo. Moshi huo bado unabeba oksijeni ambayo kiasi chake hukijui, na una kaboni monoksidi, ambayo ni sumu na yenyewe inawaka.

Kazi ya pipa huanza kwa kusoma lebo, si kwa kunusa. Tafuta ile almasi nyeupe yenye mpaka mwekundu. Picha ya mwali wa moto maana yake kilichokuwamo kinashika moto. Mwali uliosimama juu ya duara maana yake kinachochea moto, hata kama chenyewe hakiwaki. Fuvu na mifupa ni sumu ya haraka. Umbo la mtu lenye kama nyota kifuani ni madhara ya muda mrefu, saratani ikiwemo. Mkono na chuma vinavyoliwa na matone ni kitu kinachobabua. Alama hizo haziishi nguvu eti kwa kuwa pipa limemiminwa. Na pipa lisilo na lebo, au lililopakwa rangi upya juu ya lebo, lihesabu kuwa ni la petroli. Kama hakuna hata mmoja anayejua lilibeba nini, likatae. Kukosa kazi moja kunavumilika.

Kama ni lazima lichomelewe, utaratibu ni huu. Mimina kila kitu, ondoa vizibo vyote, koki na kila kiungo kinachofunguka. Osha kwa maji ya moto yenye magadi makali au sabuni ya kukata mafuta, au afadhali kwa mvuke wa maji, si chini ya nusu saa, mpaka mwili wote wa pipa uwe wa moto na maji yanayotoka yawe safi bila utando wa mafuta. Ukitumia mvuke, unganisha ncha ya hosi na pipa kwa waya, kwa kuwa mvuke unaofyatuka kwa kasi huzalisha umeme tuli, na umeme tuli hutoa cheche. Kagua ndani kwa kurunzi isiyotoa cheche. Ukiona magamba au utando mweusi, rudia kuosha. Kisha jaza maji hadi chini kidogo ya mahali pa kuchomelea, ukigeuza pipa ili nafasi ya hewa ibaki ndogo iwezekanavyo, na uache tundu la juu wazi hewa ya moto ipate pa kutokea. Pima gesi kabla ya kuanza, na uendelee kupima kazini. Kipimo kikisoma 10, hiyo ni asilimia 10 ya kiwango cha chini cha mlipuko, si asilimia 10 ya gesi, na kwa kazi ya moto namba ninayoikubali mimi ni sifuri.

Wanaojaza pipa naitrojeni, gesi isiyowaka, ili isukume nje oksijeni, badala ya kutumia maji, wajue jambo moja linalosahaulika: vipima gesi vingi vya kawaida vinahitaji oksijeni ili vifanye kazi. Ndani ya naitrojeni vitasoma chini au sifuri hata gesi ikiwepo. Hapo unachopima ni oksijeni, na kifaa chake ni kingine.

Hata chombo ambacho hakijawahi kuona mafuta kinaua kikiwa kimezibwa pande zote. Hewa iliyofungiwa ikipashwa kutoka nyuzi 27 hadi nyuzi 600, shinikizo lake linakaribia mara tatu. Ukiwemo unyevu kidogo ni balaa zaidi, kwani lita moja ya maji hugeuka kuwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Bomba lililozibwa ncha zote, rola, shafti yenye uwazi ndani, shokamzoba, silinda ya haidroliki: toboa au fungua kwanza. Rimu yenye tairi usiiguse kwa moto kabisa, hata kama umetoa upepo na kung'oa vali. Mpira wa ndani ukipata joto hutoa gesi zinazowaka, na tairi linaweza kulipuka moto ukiwa umeshaondolewa. Tairi litoke kwenye rimu, ndipo uchomelee.

"Alama ya bluu ni ushauri tu"

Hapana. Rangi na umbo vina maana iliyopangwa kimataifa, na imepangwa hivyo ili hata asiyesoma lugha iliyoandikwa pale aelewe. Duara la bluu lenye picha nyeupe ni amri: lazima uvae, lazima ufanye. Uso uliovalishwa kinyago cha kuchomelea ndani ya duara la bluu una nguvu ileile ya duara jekundu lenye mstari wa mshazari, ambalo linakataza. Tofauti ni kwamba moja linasema fanya na jingine linasema usifanye.

Pembetatu ya njano yenye mpaka mweusi inaonya tu kwamba kitu kipo: umeme, kitu kinachoshika moto, uso wa moto, mtungi wenye shinikizo. Haikuambii ufanye nini, kwa hiyo ukiiona ikiwa peke yake tafuta bluu au nyekundu iliyo karibu. Mraba wa kijani ni njia ya kutokea na huduma ya kwanza. Mraba mwekundu ni vifaa vya kuzimia moto, na hapa watu huchanganya sana: nyekundu ya mraba haikatazi, inakuonyesha kizima moto kilipo.

Karakana iliyobandika alama kumi na mbili kwenye mlango mmoja imejipamba. Bandika alama pale hatari ilipo, kimo cha macho, na hatari ikiondoka alama nayo iondolewe. Alama ya "usiwashe moto" iliyobaki mahali ambapo watu wanachomelea kila siku inawafundisha wote kupuuza zile nyingine.

"Kunywa maziwa, moshi utatoka"

Moshi unaingia mapafuni, maziwa yanaingia tumboni. Havikutani. Zinki ya bomba la galvanaizi huchemka kwa nyuzi 907, chini sana ya joto la kuyeyusha chuma, kwa hiyo kabla weldi haijashika tayari umezungukwa na moshi mweupe wa oksidi ya zinki. Saa 4 hadi 12 baadaye unapata homa, kutetemeka, ladha ya chuma mdomoni na maumivu ya mwili. Kwa kawaida hupoa ndani ya siku moja au mbili, na kwa kuwa ilikuwa ipoe hata hivyo, maziwa yanapewa sifa isiyo yake.

Lakini zinki si yote. Chuma kisichoshika kutu hutoa kromiamu ya aina mbaya, rodi nyingi hutoa manganizi, na mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kwangua zinki sentimita 5 kila upande wa kiungo huku umevaa barakoa ya chembechembe, vuta moshi kwa mashine karibu na weldi, na kichwa chako kisikae juu ya moshi unaopanda. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo.

Na ukisafisha chuma kwa dawa ya kutolea grisi, soma mkebe. Zenye klorini, zikikutana na joto na mwanga wa weldi, hutoa fosjini, gesi inayojaza mapafu maji saa kadhaa baadaye. Tumia isiyo na klorini na usubiri ikauke kabisa.

"Nikifumba macho wakati wa kupiga taki inatosha"

Taki ni ile weldi fupi ya kushikiza tu, lakini mwanga wake ni uleule. Kope ni ngozi nyembamba. Uso na shingo vinaungua vilevile, na ukifumbua mapema kidogo umeshapata mwanga. Maumivu ya macho, kama mtu aliyetiwa mchanga, huja saa 6 hadi 12 baadaye, ndiyo maana watu huyalaumu mambo mengine. Msaidizi anayeshika chuma naye anahitaji kioo, si kugeuza shingo. Kwa arki ya kawaida, yaani kuchomelea kwa umeme, kioo ni namba 10 hadi 13. Namba 5 ni ya moto wa gesi, wala miwani ya jua haimo kabisa kwenye hesabu.

"Mtungi unaujua kwa rangi"

Rangi za mitungi hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hata kati ya kampuni. Soma lebo iliyo begani mwa mtungi kila mara. Ishara nyingine ya kuaminika ni nati: za gesi inayowaka hukazwa kushoto na zina mikato pembeni, za oksijeni hukazwa kulia. Ikikataa kuingia usitafute adapta, umekosea mtungi. Usitie grisi kwenye kiungo cha oksijeni, na usijipulizie oksijeni kutoa vumbi nguoni. Nguo iliyoshiba oksijeni huwaka kwa cheche moja.

"Volti 80 haziui"

Ni zile volti za mashine ya kuchomelea kabla moto haujashika. Zinaua mtu aliyelowa jasho, aliyelala ndani ya tangi la chuma, glavu zimechanika. Tazama kibati cha mashine: herufi S ndani ya kisanduku inaonyesha kwamba mashine imetengenezwa kwa mazingira yenye hatari kubwa ya kupigwa na umeme, ambako volti za AC (umeme wa mkondo geu) bila mzigo, yaani kabla hujaanza kuchomelea, haziruhusiwi kuzidi 48. Kukosa S maana yake mashine hiyo haiingii ndani ya tangi, wala haitumiki penye maji. Ukiwa nayo bado unahitaji glavu kavu, mkeka mkavu wa kukalia, na mtu aliye nje mwenye mkono kwenye swichi.

"Kazi imeisha, tufungashe"

Cheche husafiri hadi mita 11, na huingia kwenye nyufa. Vumbi la mbao au godoro linaweza kufuka kimyakimya muda mrefu kabla ya kuwaka. Mtu mmoja abaki na kizima moto angalau nusu saa. Mimi hudai saa nzima, na azunguke upande wa pili wa ukuta uliochomelewa, kwa kuwa joto hupita kwenye bati na kuwasha kilichoegemezwa huko nyuma.