Kisu kimoja kinatosha, tepu je?

Jumamosi moja saa kumi na moja na nusu asubuhi, pale Archives katikati ya Nairobi tunapongojea gari, kijana mgeni kwa kikundi alinifungulia begi yake nimwangalizie kama amepaki vizuri. Nikatoa kisu. Nikatoa kingine. Chini ya sweta kulikuwa na cha tatu, cha ala, kirefu kutoka kiganja changu hadi karibu na kiwiko, alafu kashoka, alafu ile plaisi ya kukunja yenye bisibisi na vifaa vingine kumi na kitu ndani. Na siku hiyo tulikuwa tunaenda mlima Longonot, yaani unapanda, unazunguka ukingo wa shimo, kilele ni mita 2,776, unashuka, jioni uko Nairobi. Maji alikuwa nayo nusu lita. Akaniambia, "Mzee, nilisoma ati mtu akienda porini lazima ajipange kwa kila kitu."

Namwelewa kabisa. Mtu akiingia hii mambo ya haiki mara ya kwanza anaangalia video za wazungu wamekaa msituni wiki nzima wanachonga vijiko, na kisu ni kitu kizuri kushika, kina uzito wake mkononi, kinakufanya ujisikie uko tayari. Lakini mimi naongoza watu milimani mwaka wa kumi na nne sasa, na katikati ya wiki kazi yangu ni kukodisha na kurekebisha vifaa vya kambi, mahema, majiko, begi, buti, kwa hivyo naona kile kinachoenda mlimani na naona pia kile kinachorudi kimevunjika, na hivyo vitu viwili havifanani hata kidogo na begi ya yule kijana.

Mimi huanza na kazi, sihesabu visu. Kaa chini ujiulize, kesho kuanzia tushuke kwa gari mpaka turudi, ni nini hasa kitahitaji kukatwa? Kuna wakati nilikuwa naandika kwa kijitabu kila mara kisu kikitoka kwa begi yangu, na ilikuwa ni yale yale tu: mkate, parachichi, nanasi la kikundi, kamba ya hema, plasta, pakiti ya unga ya uji iliyokataa kufunguka na mikono imeganda kwa baridi. Hakuna kazi hata moja hapo inayotaka makali yanayozidi urefu wa kidole changu cha kati. Na hakuna inayotaka visu viwili kwa wakati mmoja, isipokuwa jikoni, hiyo nitaigusa.

Hizi sheria za kubeba makali matatu zina historia yake. Huko Marekani karne ya 19 kulikuwa na jamaa anaitwa George Washington Sears, aliandika kwa jina la Nessmuk, yeye alitembea msituni na kashoka kenye makali pande mbili, kisu cha ala na kisu cha kukunja, na mpaka leo kuna watu wanafuata hiyo hesabu kama amri. Ilikuwa hesabu sawa kwake. Alilala msituni, kila jioni alihitaji kuni, alihitaji fito za kusimamisha kibanda, alichuna wanyama na samaki. Sasa wewe uko Longonot, hiyo ni mbuga ya KWS, shirika la wanyamapori, mti haukatwi. Njabini unapoanzia Elephant Hill, kilele cha safu ya Aberdare, ni msitu wa KFS, shirika la misitu, huwezi kujikatia mti kwa sababu una kashoka. Mlima Kenya nyasi za juu ziliungua vibaya 2012 na tena 2019, kule tunapika kwa gesi, hatuwashi kuni. Ukiondoa kuni na fito na kuchuna, kashoka ka Nessmuk kamebaki na kazi gani?

Na panga, maana najua swali linakuja. Panga kwetu ni kitu cha heshima. Nimelelewa nayo, kwa nyanya yangu panga moja ilikata nyasi ya ng'ombe, ikapasua kuni, ikachonga mpini wa jembe, ikachimba hata viazi, na mpaka leo nikiishika nasikia niko nyumbani. Lakini panga ya kawaida ya hadhware inafika kama nusu kilo, hiyo ni nusu lita ya maji umeacha nyumbani, na kule kwenye mianzi ya Elephant Hill anayetutangulia ni askari wa msitu, yeye ndiye anajua ndovu wamelala wapi. Mwanzi ukianguka njiani unainama unapita chini yake. Alafu watu ishirini wanashuka kwa matope yanayoteleza kama mlenda, kila mmoja anashika nyuma ya mwenzake, na mmoja wao ana panga imening'inia kiunoni haina ala, hiyo picha peke yake hunitoa jasho. Kwenye kikundi changu panga haipandi gari.

Kwa hivyo kisu kimoja. Lakini kiwe kisu kweli. Hapa ndipo nataka utumie pesa na akili yako, maana kisu kimoja kizuri kinashinda vitano vya ile bei ya kuokota barabarani.

Mimi nabeba Opinel namba 8 ya Ufaransa, mpini wa mti, makali ya sentimita 8.5, uzito gramu hamsini hivi. Kitu ninachopenda kuliko vyote ni ile pete ya chuma pale shingoni, waliiongeza 1955, ukishafungua kisu unazungusha pete na makali hayawezi kukurudia. Usipuuze hii kitu ya kufunga. Nina kovu kwenye kidole cha shahada, kiungo cha pili, kutoka kwa kisu cha kukunja kisicho na loki nilichonunua njiani nikikimbilia gari. Nilikuwa natoboa shimo kwa mshipi wa begi, nikasukuma ncha, kisu kikajikunja juu ya kidole changu kama mlango. Kazi ya kutoboa siku zote inasukuma makali yarudi, kwa hivyo kama kisu chako hakina loki usitoboe nacho, kata tu. Kama unapenda cha ala, Mora za Sweden ni nzuri na bei yake haiumi, makali ni kama sentimita kumi na hakuna kiungo cha kujikunja wala kuingia mchanga.

Chuma: hizi zinakuja za aina mbili, ile ya kaboni na ile isiyoshika kutu. Ya kaboni ni rahisi kunoa, hata jiwe la nyumbani linaitosha, lakini Aberdare ni ukungu na mvua siku nzima na kisu cha kaboni kikilala ndani ya begi yenye maji unakiamsha asubuhi kina madoa ya rangi ya machungwa. Ukikata limau ama nanasi pia kinabadilika rangi, hiyo haina shida, kipanguse tu kikauke. Anayeanza ningempa isiyoshika kutu.

Na kinolewe nyumbani. Shika karatasi ya gazeti kwa vidole viwili ikining'inia, kata kutoka ukingoni kwenda chini. Kisu kikipita bila kurarua kiko sawa, kikikwama rudi kwa jiwe. Kisu butu ndicho hukata watu, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu, alafu nguvu inateleza inaenda kwa mkono uliokuwa umeshika parachichi.

Kwenye safari ya siku nyingi kama njia za Mlima Kenya za Sirimon ama Chogoria hapo ndipo kisu cha pili kinaingia, na si chako, ni cha jikoni. Nyama mbichi ina kisu chake na ubao wake, matunda na mkate vina kingine. Ukiwa kambi ya Shipton's na tumbo limekuharibikia, na kesho alfajiri unataka kupanda kilele cha Lenana mita 4,985, utajua kwa nini nasisitiza. Kikundi kizima basi: cha mpishi cha nyama, cha mkate, na kimoja kwa kiongozi. Watu kumi na mbili, visu vitatu. Wengine wakitaka sana wabebe kale kadogo ka Victorinox ka funguo, kana makali mafupi, mkasi na kibanio cha kutoa mwiba, na mkasi wake ndio utautumia kuliko yote.

Plaisi ya kukunja je? Moja kwa kikundi, anabeba anayejua kuitumia, maana ile kubwa ni robo kilo hivi. Tim Leatherman, Mmarekani aliyeanza kuziuza 1983, wazo lilimjia akisafiri na kigari kikuukuu cha Fiat kilichokuwa kinamharibikia njiani. Kisu cha mfukoni alikuwa nacho. Kilichomkosesha usingizi ni kutokuwa na plaisi. Na mimi nakubaliana naye kabisa, maana ni nadra kukosa makali kule juu. Kinachokosekana ni kitu cha kushika, kukaza, kufunga na kubandika.

Acha niwape mfano. Elephant Hill, tumeshatoka kwenye mianzi, dada mmoja nyuma yangu ananiita, "Kaka, kiatu changu kinaongea." Nikageuka. Soli ya buti ya kulia ilikuwa imeachana kuanzia vidoleni hadi katikati, inafunguka na kufunga kila hatua, na ndani badala ya gundi kulikuwa na kitu kama makombo ya keki, kijivu, ukigusa kinabaki kidoleni. Buti zilikuwa safi, za mitumba, amenunua juzi na hajazivaa hata mara tatu. Mbele yetu bado kupanda, alafu kurudi njia yote.

Yale makombo ni povu la polyurethane, ndilo hukaa katikati ya soli na sehemu ya juu kwenye buti nyingi za mlima. Unyevu wa hewa unalivunja polepole, miaka ikipita linapoteza nguvu, na halijali kama buti ilivaliwa ama ilikaa tu kwa kabati huko Ulaya kabla iingie kwa bunda la mitumba. Juu ngozi inang'aa, katikati imeshakufa. Kuipima kabla ya kulipa ni rahisi: bonyeza povu la ubavuni kwa ukucha wa gumba kwa nguvu, kunja buti mara kadhaa. Ikipasuka nyufa ndogo ama ukucha ukiingia kama kwenye mkate, rudisha, hata kama ni bei ya kutupa.

Nilimkalisha kwa jiwe. Matope nikayatoa kwa kijiti, nikapangusa kwa kitambaa kikavu, maana tepu haishiki kwenye maji. Kebotai mbili, vile vifungo vya plastiki virefu vya mafundi wa umeme, nikazipitisha pale katikati ya unyayo mbele ya kisigino, hapo pana bonde na haziguswi na mawe. Nikavuta kwa plaisi hadi zikalia. Kwa vidole nikatumia kamba, nikaizungusha mbele nikaipandisha ikavuka juu ya mguu na kufunga nyuma ya kifundo, na juu ya kamba nikavika tepu raundi tano, sita. Kisu changu kilitoka mfukoni mara mbili, kukata kamba na kukata mikia ya kebotai isimkwaruze mguu wa pili, sekunde kumi kwa jumla. Tepu iliisha karibu yote. Hatukuendelea kupanda, mimi na yeye na askari mmoja tuligeuza, tukaongeza tepu mara moja njiani ile ya kwanza ilipoliwa na mawe, akafika kwa gari na buti zote mbili mguuni.

Kwa hivyo kwangu begi ina kisu kimoja, plaisi, tepu ya kitambaa kama mita tano nimeizungushia chupa ya maji ili isichukue nafasi, kebotai nane, kamba mita kumi, sindano nene na uzi wa fundi viatu, na kipande cha bomba la chuma urefu wa kidole cha kuvika fito ya hema ikivunjika. Na mkasi wa huduma ya kwanza, ule wenye ncha butu, kwa sababu sitaki kabisa mtu apitishe kisu kati ya suruali na goti lililovimba huku anayetibiwa anatetemeka.

Jambo moja la kisu nitalisema kwa sauti. Nyoka akiuma mtu, bafe ama mwingine yeyote, kisu kikae mfukoni. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana damu. Vua pete, saa na viatu kabla uvimbe haujaja, mguu utulie usitembezwe, mbebeni mgonjwa, na hospitali ipigiwe simu mkiwa njiani. Bado nakutana na watu wazima wanaobeba wembe kwa ajili hiyo, na kidonda cha wembe kinaongeza shida juu ya shida.

Usafiri nao: kisu kiingie ndani kabisa ya begi, kimefungwa, pamoja na chakula. Kwenye matatu ama mbele ya polisi kisu kiunoni kinaanzisha maongezi usiyoyataka saa kumi na mbili asubuhi. Ukienda na treni ya SGR ukaguzi wa stesheni ya Syokimau hautakuelewa, na kwa ndege kinaingia kwa mzigo wa chini.

Yule kijana wa Longonot aliacha kisu kirefu, kashoka na kimoja cha kukunja kwa gari, dereva akavifungia, na ile nafasi tukajaza lita mbili za maji. Jumamosi hii anakuja nasi Elephant Hill. Gari inatoka Archives saa kumi na moja na nusu, mje mapema kidogo mkiwa mmevaa buti zenu nizibonyeze ubavuni kabla hatujaondoka.