Neutrofili 1.4: soma hii kabla hujaogopa karatasi ya maabara

Hapa Malindi, watu wanaonifuata maabara wakiwa na wasiwasi usoni huja na karatasi ya aina moja. Ni ile ya kuhesabu chembe za damu. Kwenye mstari wa neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, mashine imechapa 1.4, na pembeni kuna herufi L, yaani namba iko chini. Mwenye karatasi hana homa, hajakonda, anakula na kulala kama kawaida. Alipimwa kwa sababu ya kazi ya Ghuba au upasuaji mdogo wa ngiri, basi. Sasa usingizi umemruka. Wako walioambiwa wakapime virusi vya ukimwi, wakapima, hawana, wakaambiwa warudie tena. Kijana mmoja alinyimwa safari yake hivyo hivyo, kwa namba hiyo hiyo, na hakuna aliyemweleza kwa nini.

Wengi wa watu hawa hawaumwi chochote. Namba yao inatokana na jeni walizozaliwa nazo, na ndiyo maana leo nataka tuizungumze jeni yenyewe.

Inaitwa ACKR1. Zamani iliitwa DARC, na sisi wa benki ya damu mpaka leo twasema Duffy tu. Bwana Duffy alikuwa mgonjwa wa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, aliyeongezewa damu mara nyingi, hadi mwili wake ukaunda kingamwili dhidi ya kitu kilichokuwa kwenye chembe nyekundu za waliomchangia. Mwaka 1950 Marie Cutbush na Patrick Mollison, wakifanya kazi London, wakakieleza kitu hicho kama kundi jipya la damu. Mwaka 1968 mwanafunzi wa Marekani, Roger Donahue, aliona kasoro ndogo kwenye kromosomu yake mwenyewe ya kwanza, akaifuatilia kwa jamaa zake, akakuta inarithiwa pamoja na Duffy. Hiyo ikawa jeni ya kwanza ya binadamu kujulikana iko kromosomu gani, ukiacha zile za kromosomu za jinsia.

Jeni hii hutengeneza kipokezi kinachokaa juu ya seli. Ni protini ya asidi amino 336 inayotoboa utando wa seli mara saba, ncha moja ikibaki nje na nyingine ndani. Kazi yake ni kunasa kemokini, zile protini ndogo zinazotolewa na mahali palipoumia ili kuita chembe nyeupe. Vipokezi vya kawaida vya kemokini vikishanasa hupeleka habari ndani ya seli, na seli ikaanza kutenda. Hiki hakipeleki habari yoyote. Kwenye chembe nyekundu kinanasa na kushikilia, hivyo kiasi cha kemokini zinazoelea kwenye damu kinadhibitiwa. Kwenye kuta za vena ndogo kinazivusha kutoka upande wa tishu hadi upande wa damu.

Kuna watu ambao chembe zao nyekundu hazina kipokezi hiki kabisa. Kumpima mtu ni rahisi: unatia tone la chembe zake kwenye tyubu mbili, moja ina kingamwili ya Duffy a na nyingine ya Duffy b, yaani aina mbili za kipokezi hicho, kisha unafuata maelekezo ya dawa husika. Kipokezi kikiwepo, chembe hushikana vifundo vinavyoonekana kwa macho. Kisipokuwepo, unaitikisa tyubu taratibu na chembe zinatawanyika laini, wekundu mtupu, tyubu zote mbili. Kwa watu wetu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara hivyo ndivyo inavyokuwa.

Nini kimeharibika? Kwa kweli, hakuna kilichoharibika. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba sehemu ya jeni inayoandika protini iko salama. Kilichobadilika ni herufi moja tu ya DNA kabla ya hapo, T imekuwa C, mahali ambapo protini iitwayo GATA-1 hukaa ili kuiwasha jeni ndani ya seli zinazokuwa chembe nyekundu. GATA-1 ikikosa pa kukaa, jeni haiwaki humo. Kwenye vena ndogo na kwenye ubongo wa nyuma jeni inawashwa kwa njia nyingine, kwa hiyo kipokezi kipo kama kawaida. Ndiyo sababu mtu huyu akiongezewa damu yenye Duffy b, mwili wake hauipigi vita: unaijua, unayo mahali pengine. Lazima herufi hiyo irithiwe kwa baba na kwa mama. Ukiwa na nakala moja tu, chembe zako zina kipokezi, lakini takriban nusu ya kiasi.

Wanafunzi wakisikia habari hii hukimbilia malaria, na wana haki. Kimelea kimoja cha malaria, Plasmodium vivax, hushika kipokezi hiki ili kuingia kwenye chembe nyekundu changa. Louis Miller na wenzake walichapisha mwaka 1976 majaribio ya watu waliojitolea kuumwa na mbu wenye vivax. Wasio na Duffy hawakupata ugonjwa. Lakini tafadhali, usitupe chandarua. Malaria tunayoiona sana kwenye slaidi za Pwani ni ya kimelea kingine, falciparum, nacho hupita kwa vipokezi vingine kabisa, kama basigini. Na hata vivax si ya kuaminiwa, maana mwaka 2010 utafiti wa Madagaska ulionyesha watu wasio na Duffy wakiwa na vivax kwenye damu.

Turudi kwenye ile 1.4. Mwaka 2009 wanajenetiki waliokuwa wakitafuta chanzo cha neutrofili chache kwa Wamarekani Weusi waliishia kwenye herufi ile ile moja. Uboho wa watu hawa ni mzima na unazalisha neutrofili za kutosha. Tofauti ni kwamba nyingi hazikai kwenye damu, huhamia kwenye tishu haraka. Ukienda ufukweni hapa Malindi asubuhi ukahesabu mashua zilizotia nanga, utapata chache, na hutasema wavuvi wamekwisha, wako baharini. Sindano yetu inahesabu zilizotia nanga peke yake. Wenye hesabu hii ya kuzaliwa nayo hawaugui maambukizi kuliko wengine.

Tatizo ni mipaka iliyopangwa kwenye mashine. Nyingi huanzia 2.0 au 1.5, na mipaka hiyo kwa kiasi kikubwa ilitokana na watu wenye asili ya Ulaya. Mtaliano aliyestaafu akahamia hapa na jirani yake Mgiriama wanapimwa kwa rula moja, na mmoja wao anatoka na herufi L. Kwetu kuna zaidi ya hapo. Hali hii iko pia kwa Waarabu wa Yemen na majirani zao, kwa hiyo katika familia moja ya Malindi au Lamu yenye damu ya Hadhramaut na ya bara, ndugu wa baba mmoja mama mmoja wanaweza kutofautiana. Sura au ukoo haukuambii kitu. Ni kupima tu.

Sasa, si kila L ni Duffy, na hapa nakuwa mkali. Ukiwa na homa, vidonda vya mdomo visivyopona, au unapungua uzito, muone daktari. Hivyo hivyo kama himoglobini au chembe sahani (zile za kugandisha damu) nazo ziko chini, kama neutrofili ziko chini ya 0.5, au kama mwaka jana zilikuwa 4 na leo ni 1.2. Hesabu ya Duffy haishuki ghafla hivyo. Imekuwa hapo tangu utotoni, ikipanda na kushuka kidogo. Kwa hiyo karatasi za zamani ni mali. Zitunze, hata zile zilizokunjwa ndani ya kitabu cha kliniki, umpelekee daktari azipange kwa tarehe.

Pa kuhangaikia zaidi ni kwenye dawa. Klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia inayosaidia pale nyingine zimeshindwa, hukatazwa neutrofili zikiwa chini ya kiwango fulani. Marekani ililegeza mwaka 2015: mwenye hali hii ya kuzaliwa aliruhusiwa kuanza akiwa na 1.0 badala ya 1.5. Dawa za saratani nazo huahirishwa au kupunguzwa kwa hesabu hiyo hiyo, na mgonjwa anapewa kidogo kuliko anavyostahili. Kama wewe au mtu wako mnaanza mojawapo ya tiba hizi na karatasi zote za nyuma zina L, mwulizeni daktari kabla ya dozi ya kwanza: je, Duffy imepimwa?