Pampu ya Dukani Inapofua Umeme

Swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza mara tu wanapoingia maabara ni kwa nini tumefunga pampu ya kawaida ya maji kinyumenyume. Maji hayaingilii upande wa kuvutia. Yanasukumwa kupitia tundu la kutolea, yanaizungusha impela (gurudumu lenye mapanga lililo ndani ya pampu) upande usio wake, na mota iliyozoea kula umeme inaanza kuutoa. Jambo hili lina umri mkubwa: mwaka 1931 watafiti Thoma na Kittredge, walipokuwa wakichunguza tabia za pampu, walibaini kwamba pampu ikigeuzwa inaweza kuwa turbaini, yaani mtambo unaozungushwa na maji, yenye ufanisi mzuri. Mimi nimelishikilia kwa sababu pampu hupatikana dukani pamoja na beringi na sili zake, ilhali turbaini ndogo mara nyingi huagizwa mbali, na ikiharibika kijiji hukaa gizani kikisubiri kipuri.

Mfano ninaoufundishia kila mwaka uko Thima, Kirinyaga, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kenya. Huko watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent cha Uingereza walishirikiana na wanakijiji kufunga pampu iliyogeuzwa, inayotumia lita 28 za maji kwa sekunde zinazoshuka kimo cha mita 18. Ukizidisha 28 kwa 18 kwa 9.81 unapata takribani kilowati 4.9 za nguvu ya maji; umeme uliotoka ulikuwa kilowati 2.2, yaani asilimia 45 hivi. Mradi ulipangwa kwa ajili ya nyumba 110, wastani wa wati 20 kwa kila nyumba. Atakayeziona ni chache akumbuke kwamba wati hizo leo zinawasha taa nne za LED za wati 5, na kwamba nyumba iliyokuwa ikitumia kibatari haianzi kwa kudai friji.

Ugumu wenyewe uko kwenye kuchagua pampu. Mtengenezaji huchapisha jedwali la mtiririko na kimo pampu ikiwa inapandisha maji, si ikiwa inazungushwa nayo, na namba hizo mbili hazilingani, kwa kuwa hasara za msuguano ambazo pampu huzifidia kwa nguvu ya mota, turbaini lazima izilipe kutoka kwenye maji yenyewe. Kanuni ya makisio tunayoanza nayo ni ya mtafiti aitwaye Sharma: gawanya mtiririko kwa ufanisi wa pampu uliopandishwa kipeo cha 0.8, na kimo kwa ufanisi uliopandishwa kipeo cha 1.2. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 65 inayotoa lita 20 kwa sekunde kwa kimo cha mita 12 itahitaji, kwa kasi ileile, kama lita 28 na mita 20 ili ifanye kazi vizuri kama turbaini. Hayo ni makisio tu, na pampu mbili zenye ufanisi uleule zinaweza kutofautiana nayo kwa namna isiyofanana. Ndiyo maana naamini kwamba kazi yenye manufaa zaidi ambayo maabara ya chuo inaweza kufanya hapa ni kupima pampu zinazouzwa kwenye masoko yetu, moja baada ya nyingine, hata kama kazi hiyo haina mvuto wa uvumbuzi.

Upande wa umeme nao una mambo yake. Mota ya pampu yetu, ambayo sasa ndiyo jenereta, ni ya aina ya induksheni, na haina sumaku ya kudumu. Inategemea usumaku mdogo uliobakia kwenye chuma cha rota (sehemu inayozunguka), ambao kapasita, yaani vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, zilizounganishwa kwenye stata (sehemu isiyozunguka) huukuza mpaka volti zisimame. Muhula uliopita tulifungua vali, shafti ikazunguka vizuri, takometa, yaani kipima mizunguko, ikasoma mizunguko 1,550 kwa dakika, lakini sindano ya voltimita haikunyanyuka. Siku iliyotangulia wanafunzi walikuwa wameuzidishia mtambo mzigo mpaka volti zikaporomoka, na usumaku ule ukaondoka nazo. Tukasimamisha mtambo, tukaondoa kapasita, tukagusisha nyaya za betri ya volti 12 kwenye ncha mbili za stata kwa sekunde chache, kisha tukarudisha kila kitu mahali pake. Safari hii sindano ilisita, ikajikongoja hadi volti 30 hivi, halafu ikapanda kwa mkupuo hadi 230. Kuporomoka huko kwa volti mzigo unapozidi, ingawa kunaudhi, kunailinda mota isiungue, na kwa kijiji kisicho na fundi wa karibu naliona ni jambo jema.

Linalonishughulisha sasa ni kiangazi. Turbaini ya kweli ina milango ya kuongoza maji inayofungwa kidogo kidogo mto unapopungua. Pampu haina, na mtiririko ukishuka chini ya kiwango chake ufanisi huanguka upesi. Kwa hiyo tumefunga pampu mbili sambamba, kubwa na ndogo, ili mvua zikiwepo zifanye kazi zote mbili na maji yakipungua ibaki ile ndogo peke yake. Hadi sasa tumepima kila moja kivyake. Muhula ujao tutapima kinachotokea kwenye volti katika sekunde zile ambazo ile kubwa inafungwa huku taa zikiwa zinawaka.