Kutoka Kilwa hadi Granada: majengo ninayowapendekezea wasafiri

Kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, hasa ya mawe na chokaa, na swali ninaloulizwa mara nyingi na watu wanaopanga safari ni kama waende kutembea Afrika au Ulaya. Kwa miaka mingi nimewajibu kwamba mabara haya mawili yasitenganishwe, kwa sababu yupo msafiri mmoja wa karne ya 14 aliyeyapitia yote mawili, na mengi aliyoyaona yangali yamesimama. Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304, akafika Kilwa mwaka 1331, akaingia Konstantinopoli katika miaka hiyo hiyo ya 1330, akapita Granada, Hispania, karibu na mwaka 1350, kisha akatulia Fez, Moroko, na kuyasimulia yote. Anayevitembelea vituo hivi huku akikumbuka mpangilio huo havisahau, kwa kuwa kila kimoja humfundisha namna ya kukitazama kinachofuata.

Mimi huwashauri waanzie Kilwa Kisiwani, na huwaomba wasiende kwa haraka. Kibali huchukuliwa Kilwa Masoko, halafu unavuka kwa mashua, na ni vyema kuvuka asubuhi na mapema, masika yakiwa yamekwisha, wakati jua bado liko chini na linazipiga kuta kwa ubavu. Msikiti Mkuu una sehemu mbili: ile ndogo ya kaskazini, ambayo chanzo chake ni karne ya 11, na ile pana ya kusini iliyoongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, yenye matao na kuba. Simama mahali sehemu hizo mbili zinapokutana, kisha inua macho. Pale ambapo lipu imebanduka utayaona matumbawe yenyewe, yamejaa vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, na kati yake chokaa iliyotokana na matumbawe hayo hayo baada ya kuchomwa. Mafundi wa pwani walilijua jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha: tumbawe linapotolewa baharini ni laini kiasi cha kuchongwa kwa zana ndogo, lakini likikaa hewani hukauka na kuwa gumu. Ndiyo maana walichonga nakshi mapema, jiwe likiwa bado linakubali.

Jambo la pili la kutazama ni vipimo. Nyumba za mawe za pwani ya Waswahili zilifunikwa kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Mwenye nyumba angeweza kuwa tajiri kupindukia, lakini upana wa chumba chake uliamuliwa na mti. Kuba na matao ya Msikiti Mkuu yanaonyesha mafundi walipotafuta njia ya kuezeka bila kutegemea mbao, na mtu akilielewa hilo hatalipita jengo lile kama gofu la kupigia picha tu.

Ibn Battuta aliusifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema, ila aliongeza kwamba majengo yake yalikuwa ya mbao. Kauli hiyo imewasumbua wataalamu kwa muda mrefu, maana msikiti wa mawe ulikuwapo. Wapo wanaodhani kuna kosa la wanakili. Kwa maoni yangu aliona alichokisema: watu wengi wa mji waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti, na mawe yalikuwa ya ibada na ya wenye uwezo. Sultani aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Baba wa Zawadi kwa ukarimu wake, na Ibn Battuta anasimulia jinsi alivyovua nguo alizokuwa amevaa akampa fakiri kutoka Yemen aliyemwomba. Kasri la Husuni Kubwa, lililoko juu ya mwamba mashariki mwa mji likiitazama bahari, huhusishwa na sultani huyo. Ndani yake limo bwawa la pembe nane, nalo ni la kulichunguza kwa utulivu, kwani utalikumbuka ukifika Hispania. Kilwa na kisiwa jirani cha Songo Mnara viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2004, vikaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kwa mtu wa taaluma yangu, habari hiyo ya mwisho ni ya furaha ya kweli.

Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo, nitaizungumzia kwa ufupi kwa sababu ni jiji linalojulikana sana. Msafiri wetu aliiona Hagia Sophia, wakati huo kanisa, kwa nje na hakuingia, kwa kuwa aliyetaka kuingia alitakiwa kuusujudia msalaba. Jengo lilikamilika mwaka 537 baada ya ujenzi wa miaka isiyofika 6, na pengine haraka hiyo ilichangia kuanguka kwa kuba mwaka 558. Kuba iliyojengwa upya iliinuliwa juu zaidi ili uzito wake usizisukume kuta kwa nguvu ile ile. Tangu mwaka 2020 ni msikiti tena, na mgeni asiyekwenda kuswali huelekezwa kwenye roshani ya juu. Asisikitike, kwani huko juu ndiko anakokuwa karibu zaidi na madirisha 40 yanayoizunguka kuba, na akikaa hadi mwanga ubadilike ataiona kuba kama iliyoning'inizwa.

Granada ndipo ninapopapenda kuliko mahali pengine popote Ulaya. Ibn Battuta hakuonana na Sultani Yusuf wa Kwanza, aliyekuwa mgonjwa, lakini mama yake sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Yusuf ndiye aliyejenga ukumbi mkubwa wa Comares ndani ya kasri la Alhambra, wenye dari la vipande zaidi ya 8,000 vya mbao vilivyopangwa kama mbingu saba zenye nyota. Wageni wengi hulipita dari hilo mbiombio ili waufikie Ua wa Simba, wenye nguzo 124 za marumaru, ambao ulijengwa baadaye na mwanawe, Muhammad wa Tano. Nakuomba ufanye kinyume: tumia nusu ya muda wako Comares, mbele ya bwawa refu lililotulia. Maji yake yaliletwa kwa mfereji kutoka mto Darro, umbali wa kilomita kadhaa, yakapandishwa mlimani kwa kuukinga mto mahali palipo juu kuliko kasri na kuyaacha yateremke taratibu. Hapo ndipo Husuni Kubwa inaporudi akilini, kwa sababu mabwawa haya mawili ni ya karne moja, na yote yalijengwa na watawala walioelewa kwamba maji tulivu uani ni heshima kwa mgeni kabla hajasemeshwa neno. Tiketi ya majumba ya Nasri, ambamo Comares na Ua wa Simba vimo, ina saa yake maalumu na haisubiri mtu, kwa hiyo inunuliwe wiki kadhaa kabla, na saa ya asubuhi kabisa ndiyo bora.

Katika bustani moja ya Granada, Ibn Battuta alikutana na mwandishi kijana aitwaye Ibn Juzayy. Baadaye huyo ndiye aliyeziandika safari zake huko Fez kwa amri ya Sultani Abu Inan, na kazi ikakamilika mwishoni mwa mwaka 1355. Miaka hiyo hiyo, kati ya 1351 na 1356, sultani huyo alikuwa akiijenga madrasa ya Bou Inania. Kwa hiyo ukisimama uani mwake, kwenye vigae vya rangi chini, jasi iliyochongwa katikati na mbao za mwerezi juu, unaitazama kazi iliyokuwa ikiendelea wakati habari za Kilwa zikiandikwa katika mji huo huo. Wasio Waislamu wanaruhusiwa kuingia uani, jambo ambalo si hivyo kwa ukumbi wa swala wa msikiti wa al-Qarawiyyin, ulioasisiwa mwaka 859. Mji wa kale wa Fez hauna magari, mizigo hubebwa na punda na nyumbu, na ukisikia mtu akiita "balak!" nyuma yako, jibanze ukutani mara moja.

Kipo kituo kimoja ambacho Ibn Battuta hakukifika, nami huwaambia wasafiri wakiongeze wakipata nafasi, nacho ni magofu ya mji wa kale wa Zimbabwe Kuu, karibu na Masvingo, nchini Zimbabwe. Huko chokaa haikutumika kabisa. Matabaka ya matale hubanduka yenyewe kwa joto la mchana na baridi ya usiku, na mafundi waliyapasua wakayapanga jiwe juu ya jiwe hadi ukuta wa Boma Kubwa ukafikia mita 11, na juu yake upande mmoja wakaweka pambo la mistari ya kupinda-pinda ambalo kutoka chini huonekana kama mkeka uliosukwa. Kwa miaka mingi walowezi walikana kwamba Waafrika ndio walioujenga, ingawa mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alishalithibitisha hilo mwaka 1929. Dhahabu ya nyanda hizi ilishuka hadi bandari ya Sofala, ikapanda merikebu kwenda Kilwa, ikalipia matao yale niliyokuambia uyatazame asubuhi. Na katika magofu haya, mbali sana na bahari, iliokotwa sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, yule yule Baba wa Zawadi.