Kunyoosha misuli: ukipiga kelele, umeshapita kiasi

Vikundi vya futingi, yaani mbio za mazoezi, vimekuwa vingi Goma, na katika kitengo chetu cha kine (tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi) malalamiko ya aina moja yanajirudia: mtu amekimbia vizuri bila tatizo lolote, kisha akaumia wakati wa kujinyoosha. Tunawapongeza wote wanaofanya mazoezi, wala hatutaki kumvunja mtu moyo. Ila jambo moja tuliseme waziwazi: msuli wako haunyooshwi kwa nguvu za mwenzako.

Kila mtu ameyaona haya. Alfajiri ya Jumapili, baridi bado ipo, mtu ameketi chini miguu mbele, na mwenzake amemlalia mgongoni anamsukuma mpaka vidole vya mikono viguse vya miguu. Anapiga kelele, kundi linacheka, kochi anaendelea kuhesabu. Kelele hiyo ilitosha kumsimamisha. Msuli unaovutwa kwa ghafla hujikaza ili kujilinda. Ukizidi kuusukuma, nyuzi zake huchanika, hasa nyuma ya paja. Kama zimechanika juu kabisa, karibu na mfupa wa kukalia, kupona kwake huchukua muda mrefu.

Kwanza pasha mwili moto kwa dakika 5 hadi 10. Kisha vuta polepole mpaka usikie msuli umekaza bila kuuma, tulia hapo sekunde 15 hadi 30 huku unapumua kawaida, na usidundedunde. Rudia mara 2 hadi 4 kila upande, siku 2 au 3 kwa wiki. Wazee wanaweza kutulia hadi sekunde 60. Kabla ya mechi au mbio za kasi, usishikilie muda mrefu, maana msuli hupungukiwa nguvu kwa muda. Chezesha viungo tu, mengine yafanye baadaye.

Na tafadhali, kujinyoosha si dawa ya maumivu ya kesho yake. Tunaulizwa hili kila wiki. Maumivu hayo hutokana na kazi ambayo msuli haujaizoea, na huisha yenyewe baada ya siku chache. Wala hakuna mshipa «uliopanda» ambao hurudishwa mahali pake kwa kumkanyaga mtu kiunoni. Acheni hiyo.

Wasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tungependa tuwaone zaidi, tena kabla hawajaumia. Kazi yao huweka goti moja juu ya kipande cha mpira muda mrefu huku mguu wa pili ukisukuma barabara. Nyonga ya mguu uliopigishwa goti hukaa imekunjwa, na mbele yake hukaza. Jioni, kunja kitambaa ukiweke chini ya goti hilo, kwa sababu mawe yetu ya volkeno hayana huruma. Mguu mwingine uweke mbele, kaza makalio, kisha peleka nyonga mbele taratibu bila kupinda kiuno. Halafu badilisha upande, hata kama upande wa pili hauna shida.

Usijinyooshe kabisa ikiwa ulisikia kitu kikilia «paa» mguuni, au pamevimba na kuwa peusi. Ganzi inayoshuka mguuni nayo hailazimishwi. Kigimbi kimoja kikivimba na kuwa cha moto, muone daktari siku hiyohiyo, kwa sababu huenda ni damu iliyoganda. Maumivu ya mgongo pamoja na kushindwa kuzuia mkojo ni ya dharura, usiku au mchana. Mama mjamzito anaweza kujinyoosha, lakini asitafute kufika mbali: viungo vyake vimelegea kuliko kawaida.

Kuhusu utaratibu wetu, maana hapo ndipo ugomvi huanzia. Huanzi kwa kine. Unachukua fishi (kadi ya mgonjwa) mapokezi, unaonwa na daktari, yeye anaandika barua ya kukuelekeza kwetu, unalipa kasheni (dirisha la malipo), ndipo unapewa siku. Risiti bila barua ya daktari haikufungulii mlango, na barua bila risiti pia. Ukikosa siku zako mara mbili bila kutoa taarifa, fishi yako hurudishwa kwa daktari na unaanza upya. Kupiga simu siku moja kabla kunatosha kukuepusha na hilo. Njoo na kaptula au suruali pana. Aliyevaa jinzi ya kubana hatuwezi kumpima nyonga, na siku hiyo huhesabiwa kuwa imetumika.