Karatasi ya talaka pekee haivunji ndoa kisheria

Tanzania Bara wengi huamini kwamba mume akiandika talaka na sheikh akaithibitisha, ndoa imekwisha kisheria. Sivyo. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, anayevunja ndoa ni mahakama, iwe ilifungwa msikitini, kanisani au bomani.

Mgogoro huanzia baraza la usuluhishi la ndoa, yakiwamo ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania). Likishindwa kupatanisha, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Wengi hukwama hapa: hati iliyotolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri haifai.

Hata hivyo talaka ya Kiislamu haipuuzwi. Ikitolewa baada ya baraza kushindwa, kifungu cha 107(3) kinaitaka mahakama itoe amri ya talaka. Na mwanamke mwenye karatasi tu, bila amri ya talaka au ya kutengana, hawezi kugawiwa mali chini ya kifungu cha 114. Hiyo ni dhuluma inayozuilika.